Mkwaruzo Mmoja, Sauti Nyingi: Historia ya Sidii Iliyochubuka na Vyombo Viisomavyo

1. Utangulizi

Katika Kiswahili, kitenzi kukwaruza kina maana mbili ambazo hazitengani kwa urahisi. Maana ya kwanza ni kupitisha kitu kigumu juu ya uso wa kitu kingine hata kikaacha alama. Maana ya pili ni kutoa sauti kavu isiyo laini, kama ya koo lililopatwa na mafua. Jicho huona mkwaruzo, sikio husikia mkwaruzo, na lugha yetu imeridhika kuyaita mambo hayo mawili kwa jina moja. Katika enzi ya santuri, lugha haikukosea: aliyeiona alama juu ya sahani aliweza kutabiri atakachokisikia. Ilipokuja sidii, uhusiano huo ulikatika. Sahani moja, yenye alama ile ile, huimba bila dosari katika chombo cha kwanza, hugugumia katika chombo cha pili, na katika chombo cha tatu hukataa hata kuanza.

Makala haya yanakusudia kueleza asili ya mkato huo. Tutatazama kwanza jinsi jeraha la santuri lilivyosikika, kisha tutaeleza kuzaliwa kwa sidii na namna inavyosahihisha makosa yake, na hatimaye tutaonyesha sababu za vyombo kutofautiana. Hoja yetu ni kwamba mkwaruzo wa santuri ulikuwa mali ya sahani, ilhali mkwaruzo wa sidii, kwa jinsi unavyosikika, ni uamuzi wa chombo. Jambo hili si la mafundi peke yao. Linamhusu kila mtafiti wa isimu na wa fasihi simulizi ambaye ushahidi wake umehifadhiwa katika sidii, kwa kuwa anapaswa kujua kama anamsikia msemaji au anaisikia mashine.

2. Enzi ya santuri

Emile Berliner, mzaliwa wa Hannover nchini Ujerumani aliyehamia Marekani, ndiye aliyeipatia hataza gramafoni ya sahani mwaka 1887. Mwaka 1898 kampuni ya Deutsche Grammophon ilianzishwa katika mji huo huo wa Hannover ili kutengeneza sahani kwa wingi. Msingi wa uvumbuzi wake ulikuwa mwepesi kueleweka. Sahani ilichorwa mfereji mmoja unaozunguka, na kuta za mfereji huo zilipinda kulingana na mawimbi ya sauti. Sindano ilipoufuata mfereji, ilitikisika kama sauti ya awali ilivyotikisika.

Kutokana na hali hiyo, chochote kilichouharibu mfereji kiliingia moja kwa moja katika sauti. Sahani ya mizunguko 78 kwa dakika iliyokatwa na mkwaruzo ilitoa mlio mkavu kila baada ya robo tatu hivi ya sekunde, kwa mpigo usiobadilika. Ukuta wa mfereji ulipovunjika kabisa, sindano iliteleza ikarudi katika mfereji uliotangulia, na mwimbaji akabaki kurudia neno lile lile mpaka mtu ainuke kuinua mkono wa gramafoni.

Waswahili waliifahamu santuri mapema. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake. Huku kwetu, mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco mjini Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, na wimbo wake Masanga ukaenea mbali kwa njia ya santuri. Aliyeisikiliza sahani kama hiyo katika gramafoni ya jirani aliweza kupata sauti kubwa zaidi au nyembamba zaidi, na mlio wa mkwaruzo ukawa mkali zaidi au hafifu zaidi. Hata hivyo, mlio huo ulitokea mahali pale pale pa wimbo. Jeraha lilikuwa la sahani, nayo sahani ililibeba popote ilipokwenda.

3. Kuzaliwa kwa sidii

Kampuni ya Philips ya Uholanzi iliwaonyesha waandishi wa habari chombo chake cha majaribio tarehe 8 Machi 1979 mjini Eindhoven. Mwaka huo huo ilikubaliana na kampuni ya Sony ya Japani kutayarisha kanuni moja, nayo kanuni hiyo ikakamilika mwaka 1980. Iliandikwa katika kitabu chenye jalada jekundu, na hadi leo mafundi hukiita Kitabu Chekundu. Tarehe 17 Agosti 1982 kiwanda cha PolyGram huko Langenhagen, kando ya Hannover, kilitoa sidii za kwanza za biashara, zikiwemo za albamu ya The Visitors ya kundi la ABBA. Hivyo sidii ilianza safari yake karibu na mahali ambapo kampuni ya kutengeneza sahani za Berliner ilikuwa imeanzishwa miaka 84 kabla. Tarehe 1 Oktoba 1982 chombo cha Sony kiitwacho CDP-101 kiliingia madukani nchini Japani.

Sidii ni sahani ya plastiki ya polikaboneti yenye kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2. Haina mfereji wa kupitiwa na sindano. Ina vishimo vidogo mno vilivyopangwa katika mstari mmoja unaojizungusha kama gamba la konokono, kuanzia ndani kuelekea ukingoni, na nafasi kati ya mzunguko mmoja na unaofuata ni maikromita 1.6 tu. Juu ya vishimo hivyo kuna utando wa alumini unaorudisha mwanga, na juu ya alumini kuna vanishi nyembamba na maandishi ya jina. Mwale wa leza hupenya plastiki kutoka upande wa chini, huangaza vishimo, na kurudishwa kwenye jicho la chombo.

Vishimo hivyo haviigi umbo la sauti hata kidogo. Vinaandika namba. Sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde katika njia ya kushoto na vivyo hivyo katika njia ya kulia, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Kwa hiyo sidii inafanana na daftari la hesabu kuliko santuri. Chombo hulisoma daftari hilo, kisha huijenga sauti upya kutokana na hesabu zilizomo. Katika ujenzi huo ndimo hitilafu kati ya chombo na chombo huingia.

4. Kusahihisha na kukadiria

Yafaa ieleweke kwamba waasisi wa sidii walijua tangu mwanzo kuwa vumbi, alama za vidole na mikwaruzo havikwepeki. Kinga yao ya kwanza ni unene wa plastiki wenyewe. Mwale wa leza unapoingia katika uso wa chini una upana wa karibu milimita 0.8, na unapofika kwenye vishimo umebanwa hadi karibu maikromita 1.7. Mkwaruzo mwembamba ulio juu ya uso huziba sehemu ndogo tu ya mwale mpana, kama vile chembe ya vumbi iliyo juu ya miwani isivyomzuia mtu kuuona mlima.

Kinga ya pili ni ya kihesabu. Mwaka 1960 Irving Reed na Gustave Solomon, waliokuwa katika maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT huko Marekani, walichapisha njia ya kuongeza namba za ziada ambazo humwezesha mpokeaji kugundua na kurekebisha makosa. Wazo lao tunaweza kulieleza kwa mfano huu. Nukta mbili zatosha kuchora mstari ulionyooka. Mtu akipewa nukta tano za mstari mmoja, na moja kati yake ikawa imepotoka, ataitambua kwa sababu nne zilizosalia zinakubaliana. Tena atajua ilipaswa kuwa wapi. Lodewijk Vries wa Philips na Toshitada Doi wa Sony ni miongoni mwa wahandisi walioiingiza njia hiyo katika sidii. Kila fungu la baiti 24 za muziki liliongezewa baiti 8 za ulinzi.

Zaidi ya hayo, baiti zinazofuatana katika muziki hazikuwekwa pamoja. Zilitawanywa katika mafungu zaidi ya mia moja, mfano wa mkulima asiyeweka mbegu zake zote katika ghala moja. Mkwaruzo unapoharibu sehemu moja ya mstari, hauli neno zima, bali huokota herufi mojamoja kutoka katika maneno mengi, nayo maneno hayo bado hutambulika. Kwa mpango huu, uharibifu wenye urefu wa karibu milimita 2.5 kando ya mstari husahihishwa kikamilifu. Namba zinazopatikana ni zile zile zilizoandikwa kiwandani, na msikilizaji hapotezi kitu.

Uharibifu unapozidi kipimo hicho, chombo huacha kusahihisha na huanza kukadiria. Hutazama kipimo kilichotangulia na kinachofuata, kisha hukisia cha katikati. Uharibifu ukizidi tena, hunyamazisha sauti kwa kitambo kidogo ili msikilizaji asishtuliwe na kishindo. Tofauti kati ya hatua hizi ni kubwa kuliko inavyosikika. Katika kusahihisha, tunarudishiwa mali yetu iliyopotea. Katika kukadiria, tunapewa kitu kinachofanana nayo, na hatuambiwi kuwa kimebadilishwa.

5. Sababu za vyombo kutofautiana

Kitabu Chekundu kililazimisha namna ya kuandika sidii, lakini kiliwaachia watengenezaji nafasi pana katika kuisoma. Sababu za hitilafu tunaweza kuzigawa katika mafungu manne.

La kwanza ni ufuasi wa mstari. Vyombo vya Philips vya miaka ya mwanzo vilitumia mwale mmoja uliobebwa na mkono unaopinda kama wa gramafoni. Kampuni nyingi za Japani zilipendelea miale mitatu, mmoja wa kusoma na miwili ya pembeni ya kuangalia kama njia imeachwa. Mkwaruzo uliouyumbisha mfumo mmoja uliweza kuvukwa salama na mwingine. Aidha, kila mtengenezaji alipaswa kuamua jinsi kichwa cha kusomea kitakavyoitikia mishtuko. Kikiwa chepesi mno kuitika, huufuata mkwaruzo kana kwamba ndio mstari. Kikiwa kizito mno, hushindwa kuifuata sahani iliyopinda.

La pili ni uwezo wa kusahihisha. Njia ya Reed na Solomon inaweza kutumiwa kwa ukamilifu wake au kwa sehemu tu, na vyombo vya bei nafuu havikuitumia yote. Hali kadhalika, namna ya kukadiria ilitofautiana. Chombo kimoja kilirudia kipimo cha mwisho kilichosomeka, kingine kilichora mstari kati ya vipimo viwili, na kingine kiliwahi kunyamaza. Kwa hiyo mkwaruzo mmoja ulisikika kama tiki ndogo hapa, kama ukungu mwepesi pale, na kama pengo la kimya kwingineko.

La tatu ni kumbukumbu. Chombo cha kwanza cha kubebwa mkononi, Sony D-50, kilitolewa mwaka 1984. Katika miaka ya 1990 vyombo vya aina hiyo vilianza kuwekewa kumbukumbu ya sekunde kadhaa: sahani ilizungushwa kwa kasi zaidi, muziki ukawekwa akiba, na mahali palipokosewa pakasomwa tena kabla akiba haijaisha. Chombo kikubwa cha sebuleni kilichokosa akiba hiyo kilipata nafasi moja tu ya kusoma.

La nne ni matumizi ya kompyuta. Sahani za kuhifadhia data za kompyuta zilipotungiwa kanuni yake, ile ya Kitabu cha Njano, ziliongezewa tabaka la tatu la ulinzi: kati ya baiti 2352 za kila sehemu, 2048 tu ndizo za mtumiaji. Sababu yake ni bayana. Sikio husamehe kipimo kilichokadiriwa, lakini hesabu ya benki haisamehe tarakimu iliyokadiriwa. Sidii ya muziki haina tabaka hilo. Hata hivyo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 zilipatikana programu za kompyuta zinazosoma sehemu moja ya sidii ya muziki mara nyingi na kulinganisha majibu, hata zikafanikiwa mahali ambapo vyombo vya kawaida vilishindwa.

Mwelekeo wa mkwaruzo nao una uzito wake. Mkwaruzo utokao katikati kwenda ukingoni huukata mstari kwa mkato mfupi na mara nyingi husahihishwa. Ule unaozunguka pamoja na mstari huharibu sehemu ndefu mfululizo. Hii ndiyo sababu tunashauriwa kuipangusa sidii kutoka katikati kwenda nje, wala si kwa kuzungusha kitambaa kama tulivyozoea kufanya kwa santuri. Vilevile, upande wa maandishi, ambao wengi huudhani kuwa salama, ndio dhaifu zaidi, kwa sababu vanishi peke yake ndiyo inayoukinga utando wa alumini. Utando huo ukibanduka, hakuna chombo kitakachousoma tena.

6. Kosa kugeuzwa ala

Wapo wanamuziki waliong'amua mapema kwamba kosa la sidii ni sauti mpya. Yasunao Tone, Mjapani aliyeishi New York, alianza mwaka 1985 kubandika juu ya sidii vipande vya kanda ya gundi vilivyotobolewa vitundu, ili kuushinda mfumo wa kusahihisha. Mwaka 1997 alitoa kazi yake Solo for Wounded CD, jina linaloitaja sidii kama kiumbe aliyejeruhiwa. Mmarekani Nicolas Collins alibadilisha nyaya za chombo chenyewe, akaondoa sehemu inayonyamazisha sauti, ili asikie yale ambayo chombo hutuficha kinapopotea njia. Nchini Ujerumani, kundi la Oval lilitumia migugumio ya sidii zilizopakwa alama kama mapigo ya nyimbo zake katika albamu ya Systemisch ya mwaka 1994.

Kazi hizi zinathibitisha hoja yetu kwa njia ya vitendo. Collins hakuwa na haja ya kuikwaruza sahani. Alikigusa chombo, na sauti ikabadilika.

7. Hatari kwa mtafiti wa lugha

Sasa tuitazame kazi yetu wenyewe. Rekodi alizozifanya Hugh Tracey miongoni mwa wapiga gitaa wa kusini mwa Kongo zimetolewa katika sidii na kampuni ya SWP ya Uholanzi. Watafiti wengi nao, katika miaka ya 1990 na 2000, walihamishia mahojiano, ngano na nyimbo zao kutoka kanda za kaseti hadi sidii za kuandikia, wakiamini kwamba zitadumu. Sidii hizo zina rangi maalumu badala ya vishimo, na rangi hiyo huchakaa kwa jua na joto. Zile za kuandikia mara nyingi hurudisha mwanga mdogo sana kuliko sidii za kiwandani, hata vyombo vingi vya zamani haviwezi kuzisoma.

Katika rekodi za namna hii mikwaruzo ya aina mbili hukutana. Mkwaruzo wa santuri ya awali umo ndani ya namba, nao utasikika sawasawa katika kila chombo. Mkwaruzo wa sidii yenyewe haumo ndani ya namba, nao utabadilika kwa kila chombo. Msikilizaji anayetaka kuitenganisha hana budi kubadilisha chombo: kinachobaki ni historia ya rekodi, na kinachohama ni hali ya sahani.

Hatari kubwa zaidi ni kuruka kwa mstari. Sidii huzunguka karibu mara 500 kwa dakika inaposomwa sehemu ya ndani, na karibu mara 200 inaposomwa ukingoni. Mzunguko mmoja huchukua basi sekunde 0.12 mwanzoni na sekunde 0.3 mwishoni. Leza ikirushwa mbele mzunguko mmoja tu, kinachopotea ni kipande chenye urefu wa silabi moja au mbili.

Katika Kiswahili silabi moja yatosha kupindua ushahidi. Tuchukue kitenzi hawatakuja. Silabi ha ikimezwa, kinachobaki ni watakuja, nacho ni Kiswahili fasaha kisichotia shaka yoyote. Vivyo hivyo hatutaondoka huwa tutaondoka, na hamtapewa huwa mtapewa. Kiambishi cha ukanushi kimekaa mwanzoni mwa neno, mara nyingi baada ya kituo cha pumzi, mahali ambapo kuruka hakuachi mpasuko wa kusikika kwa kuwa kilichotangulia ni kimya. Katika lugha ambayo ukanushi ni neno linalojitegemea, msikilizaji angeweza kuhisi upungufu. Kwetu sentensi hubaki nzima, nayo imegeuka kinyume cha maneno ya msemaji.

Hata kitambo kifupi zaidi cha kunyamazishwa kina madhara. Mpasuko wa konsonanti kama p, t na k hudumu sehemu ndogo tu ya sekunde, na maneno paa, taa na kaa hutofautiana kwa konsonanti hiyo peke yake. Mtafiti wa fonetiki anayepima mipasuko kutoka katika sidii iliyochubuka huenda akawa anapima makadirio ya chombo, wala si midomo ya msemaji.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba santuri ilitangaza majeraha yake waziwazi, ilhali sidii hupewa chombo cha kuyafunika. Ufunikaji huo ni neema kwa anayetaka burudani. Kwa anayetafuta ushahidi, ni jambo la kuchungwa. Katika mwongozo wake wa mwaka 2004 kuhusu sauti za kidijitali, shirika la kimataifa la hifadhi za sauti, IASA, lilihimiza makosa ya sidii yapimwe kwa vifaa, wala yasikisiwe kwa sikio. Vifaa hivyo si rahisi kupatikana katika idara zetu, lakini mambo manne yamo katika uwezo wa kila mmoja.

Kwanza, sidii yenye mashaka isikilizwe katika vyombo viwili vya watengenezaji tofauti, na palipo na hitilafu paandikwe katika unukuzi. Pili, nakala itolewe kwa kompyuta yenye programu inayosoma mara nyingi na kulinganisha, na taarifa ya makosa ihifadhiwe pamoja na nakala. Tatu, kaseti ya awali isitupwe kwa sababu tu sidii yake ipo. Nne, kila hoja inayosimama juu ya silabi moja, hasa ya ukanushi, ihakikiwe kwa muktadha wa mazungumzo yote kabla ya kuchapishwa.

Mzee aliyetuambia kwamba wenzake hawakukubali jambo fulani hawezi tena kuulizwa ikiwa amekwisha kufariki. Silabi yake moja imewekwa amana mikononi mwetu, na haifai tuiachie mashine iamue kama aliitamka.